Uzi wa Mgonjwa

Itigi Stesheni
6 Septemba 1938

Kwa dada yangu mpendwa Damari,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto na wote wa hapo Kinampanda. Ukitaka kujua hali zetu, sisi hatujambo, ila mume wangu Gaspari kichwa kinamsumbua mno. Kinamshika asubuhi, kinamshika jioni, na siku nyingine anaona giza mbele ya macho. Msimamizi wa gengi la reli amempa ruhusa akae nyumbani.

Nakumbuka kwetu ulikuwa ukitibu vichwa kwa mzizi wa mteyu. Huku nao upo. Ukishika njia ya Mitundu, msimu huu unaona maua yake ya zambarau kila mahali, na harufu yake inakufikia kabla hujauona mti wenyewe. Lakini mzizi uliochimbwa na mtu baki hauna kazi, nataka uliochimbwa na mkono wako. Tafadhali nitumie mwingi, na uniandikie unachemshwaje, na mtu mzima anywe kiasi gani.

Usihangaike kuja, dada. Safari ni ndefu na watu wako katika kuandaa mashamba. Mzizi peke yake unatosha.

Ni mimi mdogo wako,
Febronia Gaspari

*

Kinampanda, Iramba
14 Septemba 1938

Febronia,

Marahaba. Sisi wazima, mbuzi wazima, na kuku wale wale wanaoingia jikoni bila hodi.

Barua yako nimeisoma mara tatu na bado hainiingii akilini. Kwanza mwandiko si wako. Mimi ndiye niliyekushika mkono darasani kwa mwalimu, naujua. Nani anakuandikia, na wewe una mikono miwili? Pili, hiyo "tafadhali" umeianza lini? Tangu utoto ukitaka kitu kwangu unanivuta nguo.

Haya, tuje kwenye mteyu. Hivi huo mji umekusahaulisha kila kitu? Nani kakuambia mteyu unanywewa? Mzizi unakaushwa, unatwangwa, unanuswa kidogo tu kwa ncha ya kidole, mtu apige chafya mpaka machozi yamtoke, na kichwa kinafunguka. Kwa viungo, unachemsha maji yake na kukanda. Kipande unakitia ghalani wadudu wasile mtama, kingine pembeni mwa nyumba kwa ajili ya nyoka. Basi! Tumboni hauingii. Umemsahau Lea wa ng'ambo ya mto, aliyeukoroga akaunywa kwa hasira ya mumewe? Tulimzika na maji yake yamebaki kwenye kibuyu.

Tena unaniomba mzizi bila uzi! Mama angekuchapa. Unajua sichimbi mpaka nifunge kwenye tawi uzi uliotoka katika nguo ya mgonjwa, nitaje jina lake, ndipo jembe liguse ardhi. Bila uzi huo ni mzizi tu, kama kuni. Kama mgonjwa ni huyo bwana wako, nitumie uzi wa nguo yake.

Nitamchimbia, ingawa mimi na yeye hatujasalimiana tangu akutoroshe na kukuhamishia kanisa lake. Nilichoapa mbele ya watu siku ile sijakifuta. Siku utakapougua mikononi mwake, nitakuja kukuchukua, na harudi kukuona. Lakini kichwa cha mtu ni kichwa cha mtu. Tuma uzi.

Dada yako,
Damari

*

Itigi Stesheni
21 Septemba 1938

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na treni ya juzi, tumefurahi sana. Usinikasirikie juu ya mwandiko. Niliungua kidole kwa sufuria ya uji, ndiyo maana karani wa stesheni ananiandikia. Kidole kitapona.

Uzi ni huu hapa, nimeukunja ndani ya karatasi. Umetoka katika shati la Gaspari.

Dada, nakuomba ufanye haraka. Kichwa sasa hakimwachi hata alale. Chakula kinarudi. Kama kunusa hakutoshi, niandikie kama kuna njia ya kunywa kidogo sana, kijiko hata nusu, maana nimesikia huku watu wengine wanasema hunywewa. Nami sitaki kukosea.

Usije, nakusihi. Nyumba ni ndogo na tuna wageni.

Mdogo wako,
Febronia

*

Kinampanda
27 Septemba 1938

Kwa ndugu yangu Bonifasi, Singida mjini

Bonifasi,

Barua hii nampa dereva wa lori akukabidhi mkononi. Ukiisoma keti kwanza, maana nakujua kwa kuruka.

Gaspari anataka kumuua dada yako. Nimeandika, na sifuti.

Mwezi mzima huu barua zinakuja kwa jina la Febronia na si Febronia anayesema. Anaomba mzizi wa mteyu, mwingi. Anauliza mtu mzima anywe kiasi gani. Nimemwambia haunywewi, nikamtajia hata Lea na kaburi lake, bado anauliza habari ya kijiko. Anasema anayeumwa ni mume. Nikataka uzi wa nguo ya mgonjwa. Umekuja, ati wa shati la Gaspari.

Bonifasi, ni uzi mwekundu. Ni ule nilioufumua katika blanketi la marehemu mama na kumshonea Febronia pindo la kaniki yake, asubuhi ile kabla hajatoroka. Hakuna uzi mwingine wa namna ile, na hakuna mwanamume anayevaa kaniki. Yule mtu amesikia kwamba mzizi haufanyi kazi bila uzi wa atakayeutumia, naye akaenda akautoa kwenye nguo ya mke wake. Basi atakayeunywa ni nani?

Nikikataa, atachimba mwenyewe, njia ya Mitundu imejaa. Kwa hiyo nimemtumia kifurushi cha mzizi wa mtandamboo, ambao hata mtoto hapati neno nao, nimeutwanga na kuusugua na kipande cha mteyu ili unuke. Nimemwandikia kama vile simshuku. Nimesema kwamba mgonjwa anuse asubuhi na jioni, na kwamba asiguse dawa ya mtu mwingine yeyote, si ya jirani, si ya zahanati, mpaka nitakapoandika tena. Hapo nimemfunga mikono. Hawezi kumkorogea kitu kingine akasema ni dawa.

Sasa wewe panda treni. Usimtangulizie salamu. Ingia ndani umwone Febronia kwa macho yako. Akikuzuia mlangoni, utakuwa umepata jibu.

Dada yako,
Damari

*

Singida
6 Oktoba 1938

Dada Damari,

Shikamoo. Nimekwenda, nimerudi, na kazi imefanyika.

Nilifika kwenye zile nyumba za reli mchana. Gaspari alikuwa ameketi kizingitini, hajanyoa, macho mekundu. Aliponiona alisimama kama mtu aliyeona askari. Nikamwambia nimekuja kumsalimia dada yangu. Akasema amelala. Nikasema nitamwamsha. Akasema, "Bwana shemeji, rudi kesho, leo hapana." Akaweka mkono mlangoni. Wakati huo huo nikasikia sauti ndani. Ilikuwa ya Febronia, anaguna, anataja jina la mama.

Basi, dada, unanijua. Nilimtia ngumi moja akaenda chini, lakini wenzake wa gengi wakaja wakanishika, nikatolewa nje ya kambi kabla sijaingia. Sikumwona Febronia. Nikaenda moja kwa moja kwa jumbe na barua yako mkononi. Akaisoma, akatuma watu, wakaingia, wakakuta kifurushi cha unga wenye harufu ya mteyu chini ya kitanda. Gaspari alipoulizwa nani kaandika barua kwa jina la mke wake alinyamaza. Hakujitetea hata kidogo. Amefungwa kamba na kupelekwa boma Manyoni, yuko mahabusu.

Jumbe anasema Febronia alionekana yu hai, amejifunika, hataki mwanga. Amesema maneno yasiyoeleweka. Mimi kambini nilikuwa nimeshafukuzwa, tena ilibidi nirudi, tajiri wangu alikuwa amenipa ruhusa fupi. Kuna jirani, mwanamke anaitwa Theodora, amesema atamtazama.

Nimefurahi tumemwahi. Nawe furahi, lala usingizi.

Ndugu yako,
Bonifasi

*

Boma, Manyoni
7 Oktoba 1938

Shemeji Damari,

Shikamoo. Katekista alikuja kutuombea humu mahabusu nikamwomba karatasi. Barua zile mbili ni mimi niliyeandika, na hii pia. Hii ina jina langu.

Sikuombi unitoe. Soma mpaka mwisho, basi.

Febronia ni mjamzito, mimba kubwa, alikuwa amebakiza kidogo kujifungua. Hakutaka itajwe katika barua kabla ya wakati, nyinyi kwenu ndivyo mlivyo. Mwezi wa nane miguu ikaanza kuvimba, kisha mikono, kisha uso. Halafu kikaja kichwa. Akawa anaona giza. Aliniambia, "Mwandikie dada. Mwambie miguu yangu, mwambie macho yangu, yeye anajua." Macho yake mwenyewe hayakuweza tena kufuata mstari. Nikaketi mezani kuandika, na hapo nikakumbuka kiapo chako. Akiugua utakuja umchukue, nami sitamwona tena. Nikaandika kwamba kichwa ni changu.

Nilimsomea mambo mengine kabisa, yale aliyoniagiza. Akatikisa kichwa, akashukuru.

Habari ya kunywa, mimi nimekulia kambi za reli, dawa ninayoijua ni ya chupa. Ulipomtaja Lea niliogopa. Lakini Febronia alikuwa analia, na watu wa kambini kila mmoja ana lake, nikauliza tena.

Ulipotaka uzi wa mgonjwa sikuthubutu kukudanganya, dawa isije ikakosa nguvu. Nikaufumua kwenye kaniki yake akiwa amelala. Kila nilichokuandikia kilikuwa uongo, shemeji, isipokuwa ule uzi.

Unga wako ulipofika nilimnusisha kama ulivyosema. Hakupiga chafya hata moja. Akaniambia, "Huu hakuchimba dada." Nikamwambia ni wewe. Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, alisikia habari, akaja mpaka mlangoni akataka kumtazama, akasema miguu ile si ya kungoja. Nikamrudisha, kwa sababu uliandika asiguse dawa ya zahanati. Nilidhani nimefuata masharti.

Bonifasi alipokuja nilijua ametumwa kumchukua. Ndiyo maana nilizuia mlango. Nilipoulizwa kwa jumbe nilinyamaza, nikifikiri kwamba nikisema nimedanganya kwa jina lake watasema hata ndoa ni ya uongo.

Sasa yuko peke yake. Mimi nimefungwa, Bonifasi ameondoka, na wewe uko mbali. Shemeji, kama huniamini mimi, muamini yeye. Miguu na macho, hayo ndiyo aliyotaka uyajue.

Gaspari

*

Kinampanda
11 Oktoba 1938

Bonifasi,

Lori linasubiri, siwezi kueleza. Acha hiyo kazi, tajiri akufukuze kama anataka. Panda treni ya kwanza, wala usipitie boma kwanza, nenda Itigi. Mchukueni Febronia mumpeleke hospitali, mumbebe hata kwa machela, na asiwekwe kwenye mwanga wala kelele. Mimba, miguu kuvimba, kichwa, giza la macho. Nimeshawashika mikono wawili wa namna hiyo, Bonifasi, na wote wawili niliwafumba macho kwa vidole hivi hivi. Ningeandikiwa maneno hayo manne tu ningekuja kwa miguu.

Umwambie dresa, kama bado anakubali kumsikiliza mtu wa kwetu, kwamba lile katazo ni langu na ni la uongo. Ampe chochote alicho nacho.

Kisha ndipo uende boma, useme kilichokutwa chini ya kitanda ni mtandamboo, na aliyeufanya unuke ni mimi. Kama wanamtaka mtu wa kumfunga, naja na lori linalofuata.

Ee Mungu, nimekaa hapa wiki mbili nzima nikijisifu kwa akili.

Damari

*

Itigi
2 Novemba 1938

Kwa dada Damari, Kinampanda
Kwa Gaspari, kambi ya gengi

Barua hii nimeiandika mara mbili, maneno ni yale yale. Moja anaipata mmoja wenu, nyingine mwenzake. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu jicho la kushoto bado lina ukungu. Mkinyanyua karatasi kwenye mwanga mtaona nimekwenda nje ya mstari. Lakini mkono ni wangu.

Theodora ameniambia niliyoyakosa. Jioni ile Gaspari alipochukuliwa, nilianguka sakafuni, mwili ukakakamaa, nikauma ulimi. Yeye alikuwa anapika akasikia kishindo. Bonifasi alikuwa ameshaondoka na ushindi wake. Watu wa gengi, wale wale waliompiga kumbo Bonifasi, waliniweka kwenye toroli ya reli wakaisukuma mpaka walipokutana na treni ya mizigo. Huko hospitali ya Manyoni nilianguka tena, na tena. Siku nyingi baadaye, nanyi mmeshafika, mtoto alitolewa amekwisha kufa. Mimi nilirudi.

Dada, ulipoingia wodini sikuweza kusema, lakini nilisikia. Gaspari, na wewe siku uliyofunguliwa ukaja, nilisikia. Mlisimama mmoja huku na mmoja huku, mkagombana juu ya kichwa changu. Huyu anasema, wewe ulidanganya. Yule anasema, wewe ulituma unga wa uongo. Huyu anasema namchukua nyumbani, yule anasema huyu ni mke wangu. Muuguzi ndiye aliyewatoa. Siku niliyopata sauti niliwaambia muondoke wote wawili, na mkaondoka mkidhani homa ndiyo inasema. Haikuwa homa.

Mnajua ni nini kinachonichoma? Si kwamba mlinichukia, maana mngenichukia ningewaelewa. Wote wawili mlikuwa mnanipenda mno. Mmoja akaogopa kuninyang'anywa, mwingine akaogopa nitauawa. Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimelala hatua chache tu kutoka mezani, nina akili zangu, nina mdomo. Gaspari, nilikupa maneno ya kuandika ukaandika ya kwako, kisha ukanisomea kama kasisi. Dada, uliujua uzi wangu, ukaujua mwandiko kwamba si wangu, ukayajua yote hayo, na barua uliyonijibu ikawa mtego. Ulimtuma Bonifasi aje na ngumi. Kwa nini hukuja wewe? Kiapo chako kilisema utakuja. Nilikingoja.

Sasa nisikilizeni. Niko kwa Theodora, nalala vizuri, nakula. Dresa ananitazama kila asubuhi. Sirudi Iramba kwa sasa. Nyumba ya reli nayo sirudi kwa sasa. Bonifasi asije kabisa mpaka nimwite, nampenda vile vile lakini asije.

Mtoto alikuwa wa kike. Gaspari, ana nywele zako, nyingi, mpaka kwenye paji la uso. Amezikwa Manyoni, mnapajua, mlikuwepo na mkagombania hata nani ashike jembe. Katekista aliwauliza jina, kila mmoja akataja la kwake. Gaspari akataja la mama yake, dada akataja la mama yetu. Katekista akafunga kitabu, msalaba ukabaki mtupu.

Mtoto ana jina. Nilimpa mimi, tangu yuko tumboni, na nimelisema mbele ya Theodora mara moja tu ili lisipotee. Wala yeye hatawaambia, nimemwapisha.

Mkitaka kulijua, njooni. Mje pamoja, kwa treni moja, mwingie kwa mlango mmoja, mkae kwenye mkeka mmoja. Msinieleze lolote. Niulizeni, kisha mnyamaze mnisikilize.

Mimi mwenyewe,
Febronia